Nilimpeleka Bibi Yangu Akaigize Muuaji

"Mjukuu wangu, kwa nini huyo muuaji awe na macho yangu?"

Bibi aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye kigoda, anapakwa damu ya rangi mikononi. Nilicheka tu, nikamwambia ni maigizo.

Nina miaka ishirini na saba, ndugu wasomaji. Nimemaliza chuo kikuu, na tangu utoto nalaumiwa kwa kuhoji kila kitu. Nimewahoji walimu, wachungaji, hata baba yangu mbele ya wageni. Siku moja tu nilinyamaza... na siku hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nilikuwa Bariadi, sina kazi, walipofika watu kutoka Dar kutengeneza filamu ya muuaji anayeua mmoja baada ya mwingine. Wakanichukua niwatafutie waigizaji. Siku ya kwanza tu nikambana mwongozaji. Nikamwambia filamu zetu zimejaa sura za mjini na majumba ya kifahari. Sisi wa huku tunaolima pamba, tunaosalimiana mwangaluka, tuko wapi? Alinisikiliza vizuri, akaniomba picha za watu wa kweli. Nilimtumia nyingi, na ya bibi ikiwemo.

Bibi ndiye aliyenilea, kijijini kwetu upande wa Malampaka. Maisha yake yote amepikia mavi makavu ya ng'ombe na miti ya pamba, kwa sababu kuni hakuna. Moshi ule umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Kila Msukuma anayesoma hapa anajua macho kama hayo yamewaponza bibi zetu wangapi kwa kuitwa wachawi.

Baada ya wiki mwongozaji akanipigia: bibi yako ndiye muuaji. Nilishtuka. Nikamuuliza kwa nini iwe kikongwe mwenye macho mekundu.

"Dada, ulitaka Wasukuma kwenye filamu, au ulitaka Wasukuma wema tu?" Akacheka.

Nikaona ana hoja. Kama tunataka usawa, si tuwe na wabaya wetu pia? Ndivyo nilivyojidanganya, tena kwa maneno niliyoyasoma chuoni. Bibi alikubali kwa sababu niliyemwomba ni mimi. Akatania kwamba akishakuwa nyota nimtafutie mchumba, asiwe mzee.

Filamu ilipotoka, kijijini haikufika nzima. Kilifika kipande kimoja kwenye simu: bibi ameshika panga, maiti miguuni, kamera imesogea mpaka machoni. Nilikwenda kueleza. Jirani yetu, Mama Kulwa, akanijibu taratibu, "Mwanangu, tunajua panga ni la filamu. Na macho nayo ni ya filamu?"

Mwezi uliofuata mtoto wake mdogo akashikwa na homa, akafa.

Wazee wakaitisha mkutano, bibi akatengwa. Kwetu ukitengwa hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kuchota maji nawe, hupewi hata kaa la moto. Anayekusemesha anatozwa ng'ombe. Nilisimama pale nikaeleza malaria, nikaeleza moshi, nikaeleza filamu. Mzee mmoja akaniuliza, "Nani alimpeleka huko kwenye filamu?"

Nikakaa chini.

Siku ya nane jiko lake lilichomwa mchana kweupe, yeye akiwa kisimani peke yake. Alirudi na ndoo kichwani akakuta majivu, na majirani wamesimama mbali wanamwangalia.

Sasa anaishi Lamadi, kwenye chumba kimoja kwa shangazi. Nilimnunulia miwani ya jua atokee nje. Hatoki. Ila akisikia sauti yangu mlangoni, huivaa humo humo ndani, ndipo anaitikia.

Ninyi mnaoshika kamera, na ninyi mnaowapeleka wazazi wenu mbele yake, nawasihi. Kuonekana peke yake hakutoshi. Ulizeni watu wataonekana kama nani, na nani atabaki kuishi na sura hiyo kamera zikishaondoka. Msinyamazishwe na hoja nzuri kama mimi.

Mwaka huu, mpiga picha wa filamu ile alinionyesha hadithi yao jinsi ilivyoandikwa mara ya kwanza. Muuaji alikuwa kijana mfanyabiashara wa Dar, mwenye shati jeupe na gari. Waliibadilisha kesho yake, baada ya mimi kutuma picha ya bibi.