Fomu Zilizofanana Mno

Jumatatu, tarehe 17 Machi 2025, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ofisini Garsen, Kadzo, mkaguzi wa fomu za utafiti, aligundua kuwa karani mmoja alikuwa amebuni majibu ya watu. Utafiti wao ulipima ujirani mwema katika kijiji cha wafugaji. Watu walewale waliulizwa maswali yaleyale Februari, kisha tena Machi, ili ijulikane kama kipimo kinaaminika, maana kipimo kizuri hutoa majibu yaleyale. Makarani wawili, Charo na Sabdio, waligawana kijiji nusu kwa nusu, na sasa fomu zao hazikupatana hata kidogo.

Mwaro, mkuu wa mradi, hakuona haja ya upelelezi. Fomu za Charo za miezi yote miwili zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Za Sabdio zilikuwa zimebadilika. Barua ya kumfukuza Sabdio ilishapigwa chapa. Kadzo aliomba apewe hadi adhuhuri, maana hakupenda mtu ahukumiwe na jedwali.

Alimwita Sabdio, akamwuliza alilala kwa nani kule na nani alimwona. Kila jibu lilikuwa na jina na saa. Kadzo akamsogezea kikombe cha chai, na binti yule wa Kiorma akakirudisha taratibu.

"Mimi nimefunga, dada."

Kadzo aliona haya, yeye Mgiriama wa kanisani aliyesahau mwezi mtukufu. Kisha akazirudia fomu mbio.

Saa sita kasorobo aliwaita wote.

"Swali la saba, Charo," alisema. "'Wiki hii umekula chakula cha mchana kwa jirani?' Februari watu wako wengi walisema ndiyo. Na Machi?"

"Ndiyo vilevile. Ni watu wa msimamo."

"Kijiji kizima ni Waislamu. Walikula mchana Ramadhani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Charo iliishia hapo. Alikiri akitazama sakafu: siku ya kwanza ya mahojiano ya Machi majibu yalianza kubadilika, naye alikumbuka onyo la Mwaro kwamba karani ambaye fomu zake hazitafanana ataenda nyumbani.

"Niliogopa," alisema. "Nikanakili za Februari."

"Swali letu lilipima saumu, si ujirani," Kadzo alimwambia Mwaro. "Sabdio aliandika alichoambiwa."

Mwaro akaishika ile barua aichane. Sabdio akanyoosha mkono.

"Ina jina langu," alisema. "Nipe niichane mwenyewe."