Fundi Bado Ipo

Jamani, nyumba ya fundi huyu ilikuwa na amani. Asubuhi moja fundi wa kompyuta wa hospitali alimfikisha mkewe mjamzito wodini, akamkabidhi kwa shemeji yake, muuguzi wa wodi hiyo hiyo, kisha akashuka ofisini kwake akipiga mluzi.

Hospitali nzima ilimwita Bado Ipo. Seva zake, yaani kompyuta kuu zinazotunza mafaili, alikuwa ameziunganisha zikawa hifadhi moja waiitayo wingu, na ndani yake akaikatia kila idara iliyoomba kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo, inayoishi ndani ya zile kuu. Ukimuuliza kama nafasi imebaki, hatazami kipimo cha nafasi, anakujibu tu, "Bado ipo." Aliahidi zaidi ya alichokuwa nacho, akitegemea kwamba wote hawatakitumia kwa mpigo. Na kengele ya kuonya kwamba nafasi inakwisha? Aliizima, eti inamsumbua wakati wa chai. Chai, jamani!

Saa nne simu ikalia. Alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, dada amezimia, anaingizwa upasuaji, na faili lake halifunguki. Kuna dawa inayomdhuru. Ni ipi?"

Hakumbuki. Mume mzima, hakumbuki! Alifungua kipimo alichokisusa miezi sita: diski zimejaa pomoni, nafasi iliyobaki sifuri. Ilibidi afute kompyuta pepe moja ili ya wodi ipumue. Lakini ipi? Hakuwahi kuandika popote ipi ni ya nani. Nyingine zilikuwa za majaribio, nyingine zimebeba kumbukumbu za wagonjwa, na zote alizipa namba tupu.

"Daktari hawezi kusubiri," shemeji alisema.

Akafuta moja kwa kubahatisha. Faili likafunguka. Shemeji akalisoma, akamwomba daktari aiweke chini sindano aliyokwisha kuishika, maana ilikuwa na dawa ile ile.

Mama na mtoto walitoka salama. Ila kompyuta iliyofutwa ilikuwa ya maabara, na majibu ya wiki nzima yakapotea. Hata nakala ya akiba ilishakosa pa kukaa. Bado Ipo alipita mwenyewe kitanda kwa kitanda, akiwaomba radhi waliotakiwa kutolewa damu upya. Bibi mmoja alimnyooshea mkono uliojaa alama za sindano.

"Na hapa, mjukuu wangu, nafasi bado ipo?"

FUNZO

Wewe uliyekabidhiwa vya watu, tazama kilichobaki kabla hujasema ndiyo. Andika nani umempa nini. Na kengele ikikukera, usiizime; inuka ukaone inalilia nini, maana huenda ni wako aliye kitandani.