Mtu wa Koti la Njano

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo, na mpiga picha aliiona akaiacha ipite: mvua inanyesha, na koti la mvua la mdogo wake ni kavu.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mwavuli ameubana begani juu ya kamera, jicho kwenye kijidirisha chake cha kutazamia. Mbele yake bonde lilishuka hadi kwenye ukungu. Mteremkoni palikuwa na jiwe moja pana, na juu ya jiwe mtu mrefu mwenye koti la njano, mgongo kwake. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote. Mlima ukiupiga picha mtupu, alipenda kusema, hauna ukubwa, unaweza kudhaniwa kichuguu. Mweke mtu chini yake, na macho yatajua yanatazama nini. Mtu huyo siku zote alikuwa mdogo wake, ambaye pia ndiye dereva wake, na kwa kusimamishwa sana chini ya milima alibandikwa jina la Kipimo.

"Kushoto kidogo," akapaza sauti. Mtu akasogea kushoto. "Tena. Hapo hapo. Usitikisike."

Hakutikisika. Siku nyingine Kipimo angekuwa ameshajikuna, amelalamikia mguu na kuuliza chai itanywewa saa ngapi. Leo alisimama kama ameoteshwa. Mpiga picha akafurahi, akapiga picha mpaka akaridhika, kisha akasema maneno aliyoyasema kila mara kazi ilipokwisha.

"Tosha. Rudi garini, utalowa."

Akakunja stendi, akakimbilia gari. Kipimo alikuwa kwenye usukani, kiti amekilaza, mdomo wazi, anakoroma. Koti la njano lilikuwa kwenye buti, limekunjwa vilevile lilivyokunjwa jana.

"Wewe. Umepandaje haraka hivyo?"

"Kupanda wapi?" Kipimo akafikicha macho. "Dada, samahani. Uliniambia nitangulie, nikasema nifumbe macho kidogo tu. Nishuke sasa?"

"Usishuke."

"Kwani ulikuwa unaongea na nani huko nje?"

Aliwasha kioo cha kamera, akamwonyesha. Kipimo akakisogeza karibu na macho.

"Mimi nina shingo hiyo?"

Shingo kweli ilikuwa imezidi. Na matone yalionekana yakiruka juu ya jiwe pande zote za yule mtu, jiwe linang'aa maji, ila koti lilikuwa kavu kana kwamba limetoka kuanuliwa kwenye kamba.

Mtu mwingine angegeuza gari hapo hapo arudi nyumbani. Lakini mpiga picha yule alikuwa mbishi tangu kuzaliwa. Moyo ulimdunda, na mdomo ukakataa kuukubalia moyo.

"Ni mkulima wa huku," akasema. "Amepita tu. Endesha."

Kabla Kipimo hajaingiza gia, mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa taratibu, kama wa abiria mwenye adabu. Gari likadidimia kidogo upande wa kulia, na hapohapo kengele ya mkanda ikaanza kulia. Taa nyekundu kwenye dashibodi ilionyesha kiti cha nyuma.

"Umeweka begi nyuma?" Kipimo akanong'ona.

"Begi ninalo miguuni."

"Basi mbona inasema kuna mtu hajafunga mkanda?"

Kengele iliendelea kulia, na sauti hiyo ilimuudhi mpiga picha kuliko ilivyomtisha. Akajipinda, akanyoosha mkono kwenye kiti kilichokuwa kitupu machoni pake, akavuta mkanda, akauchomeka. Kengele ikanyamaza. Lakini mkanda haukulala kwenye kiti. Ulibaki umetuna hewani, umezunguka kitu kipana kilichopumua, ukipanda na kushuka, na gari zima likajaa harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

"Endesha," akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

Wakaenda. Mvua ikazidi, wipa zikashindwa, mawingu yakakaa chini hadi mchana ukafanana na magharibi. Mpiga picha alimzungumzisha mdogo wake kuhusu kalenda waliyokuwa wakiitafutia picha, kuhusu matairi, kuhusu lolote, naye Kipimo, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alianza kujibu kwa neno moja, kisha kwa kichwa, kisha hakujibu kabisa, na macho yake yakawa yanatazama mbele bila kupepesa kama ya mtu aliyeambiwa asitikisike. Penye njia panda alikata kona, kisha nyingine, na mpiga picha alipotambua kuwa wanarudi walikotoka alimshika mkono kwenye usukani akauachia haraka, kwa sababu mkono ulikuwa baridi kama bomba la maji.

Kipimo alisimamisha gari palepale ukingoni mwa bonde. Akashuka bila koti, akaacha injini inanguruma na mlango wazi, akateremka hadi kwenye jiwe, akapanda, akageuza mgongo.

Mpiga picha alimfuata mbio, akateleza, akainuka, matope hadi magotini, akimwita, akimtukana, akimbembeleza, na alipomfikia alimvuta kwa nguvu zote akaona anavuta nguzo, na mvua iliyompiga yeye usoni hadi akashindwa kufumbua macho ilipofika kwa mdogo wake ilipinda, ikamzunguka, ikaanguka pembeni, ikamwacha na shati kavu, nywele kavu, kope kavu, mtoto aliyembeba mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, ndugu yake pekee wa tumbo moja.

Alilia kidogo. Halafu akakasirika, na hasira ikamfaa zaidi. Akapanda hadi barabarani ambako simu ilishika mtandao, akampigia shangazi yake.

Shangazi alikuwa akitibu watu wenye majini, na kwa miaka mingi mpiga picha alimtania kwa kumwita daktari wa upepo.

"Leo umeikumbuka namba yangu," shangazi akasema.

"Shangazi, nisaidie. Usinicheke."

"Sijacheka. Sema."

Akaeleza yote, haraka haraka, akiwa ameligeuzia gari mgongo. Nyuma yake mlango wa dereva ulifungwa taratibu.

"Nani alimkaribisha?" shangazi akauliza.

"Hakuna aliyemkaribisha."

"Hawaingii hivi hivi, mwanangu. Wana adabu kuliko wapangaji wangu. Fikiri vizuri. Ulimwambia nini?"

Mpiga picha akafikiri. "Nilimwambia arudi garini, atalowa."

"Yaani ulimwonea huruma."

"Nilidhani ni mdogo wangu."

"Naye ameipokea. Amechukua kiti cha mdogo wako, amemwachia nafasi yake. Mkiondoka hapo, ndiye utakayeishi naye."

"Njoo umtoe. Nakuomba."

"Hata nikija, hanijui. Sauti aliyoitii ni yako. Mrudishe kwa amri zilezile ulizompa. Na usimwonyeshe hofu, maana ukimwogopa, yeye ndiye atakayeanza kukuamuru." Kisha mtandao ukakatika.

Mpiga picha akageuka. Kwa macho matupu gari halikuwa na mtu. Wipa zilipita kwenye kioo na kurudi. Aliinua kamera. Kwenye kijidirisha, mtu wa koti la njano alikuwa ameketi kwenye usukani, mikono miwili mahali pake, shingo imeinama kwa kugusa dari, anasubiri abiria wake apande waondoke.

Akafanya kile anachofanya siku za mwanga hafifu ili picha isicheze: akabana viwiko mbavuni, akapanua miguu, akatoa pumzi nusu.

"Shuka," akasema.

Hakuna kilichotokea.

"Nimesema shuka. Nani alikupa kiti hicho? Kina mwenyewe."

Mlango ukafunguka.

"Njoo mbele. Polepole. Njia ni hiyo."

Njia ya kuteremka bondeni ilikuwa moja tu, nyembamba, na yeye alikuwa amesimama juu yake, kwa hiyo kila hatua aliyomwamuru ilimleta karibu zaidi, na kwenye kijidirisha koti lilikua, likajaza picha, rangi ya njano ikawa kila kitu, na ile harufu ya kisima ikamwingia puani na mdomoni, na pumzi ya baridi ikamgusa sikio, na sauti ikasema, sauti ya Kipimo hasa, mpaka na kikwaruzo chake cha mafua:

"Dada, kule chini ni baridi. Nimesimama sana. Mimi sitalala kazini."

"Kazini hatuongei."

"Utanizoea. Utanipenda kumshinda yeye."

Aliona pembeni mwa picha kitu kinaanza kuzunguka juu ya shingo ile ndefu, taratibu, kuelekea kwake, na akajua kwamba akiiona sura hiyo hata mara moja mikono yake itaiachia kamera.

"Geuka," akasema, na sauti yake haikutikisika, jambo ambalo hadi leo linamshangaza. "Mgongo kwangu. Sura yako haina kazi hapa. Nyoosha mbele, teremka, na usinipotezee mwanga."

Kichwa kikarudi kilikotoka. Koti likampita likimgusa bega, likaanza kushuka. Alimfuata nyuma, jicho halibanduki, miguu ikipapasa matope, akimwongoza kama mtu anavyoongoza lori linalorudi nyuma uani: kulia, nyoosha, angalia shimo, endelea. Mara mbili sauti ililia. Mara mbili akaiambia inyamaze.

"Panda jiwe. Kushoto kidogo. Tena. Hapo hapo."

Miguu ile ilipokanyaga mahali pake, Kipimo alisukumwa kando na kupiga chafya. Mvua ikamwangukia yote kwa mkupuo, kama aliyemwagiwa ndoo, na mpiga picha hajawahi kuona kitu kizuri kuliko kuona shati lile linalowa.

Akafumbua mdomo amwambie tosha, rudi garini. Akauziba kwa kiganja. Wote wawili walikuwa wakimsikiliza. Wote wawili wangetii.

Kipimo alikuwa na jina jingine, alilopewa na mama yao, ambalo yeye mwenyewe hakulipenda na ambalo lilitumika hospitalini tu na siku alizokuwa na makosa. Dada yake akamwita kwa hilo, lote, pamoja na la baba.

Kipimo akageuka, meno yanagongana. "Mbona unaniita hivyo, nimefanya nini?"

"Njoo kwangu. Usitazame pembeni yako. Nitazame mimi tu."

Akaja akitambaa kwenye matope, wakashikana. Alimkumbatia kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa bado umeshika kamera, jicho bado liko kwenye kijidirisha, na kwa kuwa alikuwa fundi wa kazi yake, na kwa kuwa alikuwa na hasira, alibonyeza akapiga picha.

"Wewe usitikisike," akaliambia jiwe. Kisha akaishusha kamera na hakuongeza neno.

Walipanda wakivutana. Nusu ya mteremko wakasikia nyuma yao sauti inayouliza kwa heshima, "Dada, tosha?" Kipimo akasimama, dada yake akamsukuma mbele. "Dada. Tosha?" Iliendelea kuuliza hadi walipofunga milango, na mpiga picha, ambaye maishani hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, alimwachia huyo.

Picha za kalenda zilipofika mikononi mwa mhariri, aliitandaza ile ya mwisho juu ya meza, akaiinamia, akasema hiyo ndiyo ya jalada, nyingine zote zitasubiri. Kipimo alisimama karibu na mlango, amevaa sweta mbili, akitazama dirisha.

"Huyu mtu wako ana subira," mhariri akasema. "Mvua yote hiyo. Ulimsimamisha muda gani?"

"Bado amesimama."

Mhariri akacheka. "Mwonee huruma basi, mwambie apumzike."

"Huruma nilishampa," akasema mpiga picha, na akamtuma mdogo wake akawashe gari.