Mwito wa Tatu Kwenye Ukuta wa Matairi

Jioni ile, barabarani pale kilimani Morne Calebasse, tulikuwa wanne. Hilarion Toussaint, dereva aliyeleta matairi makuukuu kutoka jalalani. Bi Philomène Royer, aliyetuletea mkate wa muhogo na ramu. Ignatius Joseph, aliyekuwa chini ya mteremko akishindilia udongo ndani ya matairi ya safu ya chini. Na mimi, Barnabas Ezekiel Prosper, mwalimu mstaafu.

Mvua ilikuwa imemega ukingo wa barabara. Serikali haikuja, basi tukaujenga wenyewe, tairi juu ya tairi.

Ignatius alishinda akinitania kwa majina yangu yote matatu, kama anayeita mahudhurio. "Barnabas Ezekiel Prosper, umechoka? Sururu si chaki, eh?"

Philomène alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Giza lilipoanza kuingia, Ignatius alituambia anapitia njia ya mtoni, ile ya chini ya ukuta, anakwenda zake. Tukakusanya vifaa.

Ndipo ukuta ukaguna... kama mtu anayejigeuza kitandani. Harufu ya mpira na udongo mbichi ikapanda.

"Barnabas Ezekiel Prosper."

Ilitoka ndani ya matairi. Sauti ya mwanamke. Sauti ya marehemu mama yangu.

Kwetu, ukiitwa gizani, huitiki hadi mara ya tatu. Mzimu huita mara mbili tu.

"Usiitike, Mwalimu," Hilarion alininong'oneza.

"Barnabas..."

Safari hii ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni.

Tukasubiri. Philomène alinishika mkono. Nami, na elimu yangu yote, nilibana midomo.

Mwito wa tatu haukuja. Tukaondoka upesi, bila kutazamana.

Asubuhi tulikuta safu ya chini imeporomoka. Tulichimba kwa mikono. Udongo ulikuwa umemfika Ignatius mdomoni.

Baada ya maziko, mkewe, Eudora, aliniambia kwamba jioni ile mumewe alifika mlangoni, amelowa, akakataa kuingia. Aliuliza jambo moja tu: kama Mwalimu ameitika.

"Nikamwambia sijui," Eudora alisema. "Akageuka, akarudi gizani. Kwani uliitika, Mwalimu?"



Daktari alisema Ignatius Joseph alifukiwa tangu jioni ile, lakini alikufa karibu na alfajiri.