Historia Niliyoimwaga Sebuleni kwa Mzee Gichuru

"Basi wale wageni wakavuka bahari kutoka Ayalandi," niliendelea, chai ikipoa mbele yangu. "Karne chache baadaye, nchi yote ikaitwa kwa jina lao. Waskoti. Skotilandi! Mzee, mgeni akitulia anaweza kuzaa taifa."

Mzee Gichuru, baba yake mchumba wangu Wahu, aliweka kikombe chini polepole.

Alikuwa ameniuliza tu nilisomea nini chuoni. Mimi, siku yangu ya kwanza kujitambulisha kwake Cheptiret, nikaona nimtie moyo. Wahu alikuwa amenieleza kwamba tangu vurugu za uchaguzi za 2008, walipofukuzwa kama wageni, baba yake hajapanda mti hata mmoja. Anapanda mahindi na sukuma wiki tu, vitu vya kuvuna haraka, kama mtu anayesubiri kufukuzwa tena.

Nilichosahau ni jirani aliyeketi kando yake. Mzee Kiptoo, Mkalenjin wa hapo tangu mababu, ndiye aliyewaficha kina Wahu kwenye stoo yake ya mahindi mwaka huo.

"Kijana," akauliza kwa upole, "na wale waliokuwa huko kwanza?"

"Wapikti?"

"Hao. Lugha yao inaongewa wapi siku hizi?"

"Haiongewi, Mzee. Ilikufa."

"Aha." Akachukua kofia. "Gichuru, ng'ombe wananingoja."

Saa nane mchana! Nani hukamua saa nane?

Jioni Wahu alinipigia simu akilia.

"Marvin, ungesema umesomea biashara ungekufa?"

"Nilitaka kumfariji baba yako."

"Umemwambia Mzee Kiptoo, ndani ya nyumba yetu, kwamba tutameza nchi yake! Baba anasema maneno kama hayo ndiyo yaliyochoma duka letu. Hakuna harusi."

"Na wewe unasemaje?"



"Nakupenda. Lakini Mzee Kiptoo akituacha, hatuna mtu hapa. Unataka nikuchague wewe, hawa niwaache?"

"Hapana," nikasema, na sijawahi kusema neno zito kama hilo.

Asubuhi ukaja ujumbe wake: "Usinipigie tena, tafadhali. Baba amekasirika sana."

Siku tatu sikumpigia. Siku ya nne nilienda kwa Mzee Kiptoo mwenyewe. Nilimkuta akikamua.

"Umekuja kumaliza historia?" akauliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba msamaha, Mzee. Nilisimulia ile nusu inayompendeza mgeni."

"Na nusu ingine?"

"Wasomi bado wanabishana. Wengine wanasema hakuna aliyevamia mtu. Ile bahari ni nyembamba, na watu walikuwa wakivuka huku na huku wakioana tangu zamani. Taifa lilizaliwa na wote wawili, Waskoti na Wapikti. Lakini lugha iliyobaki ilikuwa ya upande mmoja. Hilo siwezi kukuficha."

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo.

"Wewe ni Mjaluo?"

"Ndio, Mzee. Lakini nimezaliwa mtaa wa West Indies, hapo mjini."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Kikalenjin unajua?"

Niliona aibu. "Najua 'chamgei' tu."

"Miaka ishirini na sita, salamu moja!" Sasa akageuka. "Hapo ndipo mnanikosea. Mimi siogopi majirani, kijana. Naogopa siku nitamsalimia mjukuu wa Gichuru hapo kwa geti na hajui kuitika. Wahu alikaa wiki mbili kwa stoo yangu akiwa mtoto, akicheza na binti yangu Jepchumba. Alitoka akiongea Kikalenjin, na hajaacha. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Watoto wenu je?"

"Watajua, Mzee. Chenu, chetu, na cha kina Wahu."

"Usiahidi haraka kama mwanasiasa. Nani atawafundisha?"

"Wahu. Na wewe, ukikubali."

Nilihisi maisha yangu yote yamekaa juu ya ile ndoo. Kisha akanisukumia kistuli kwa mguu.

"Keti. Tuanze na wewe. Huyu anaitwa nini?"

"Ng'ombe."

"*Teta*. Sema."

"*Teta*."

"Unaongea kama mtu ana ugali moto mdomoni. Tena!"

Ijumaa simu yangu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mzee Gichuru.

"Kijana, Kiptoo ameniletea miche sita ya avokado. Anasema ipandwe mpakani kati yetu, na mashimo uchimbe wewe. Kuja kesho. Beba jembe. Historia acha nyumbani."

Nilisoma mara kumi. Avokado haizai mwaka wa kwanza, wala wa pili. Mzee Gichuru anajua hilo kuliko mimi, na hata hivyo alikuwa amekubali kupanda.

Kabla sijajibu, ukaingia ujumbe mwingine, wa Wahu:

"Leta majembe mawili. Huchimbi peke yako."