Kipande cha Mwisho cha Wendell

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha mlango. Ya pili ikagonga komeo la chuma. Komeo likakataa.

Lenora Terwilliger hakugeuka. Macho kwenye skrini, bastola ya Smith & Wesson kando ya kibodi, redio ya Motorola mdomoni.

"Mkuu, nimejifungia kwenye chumba cha kompyuta hapa kiwandani. Krebs na wanunuzi wake wa kigeni wako mlangoni."

"Michoro ya nyambizi si ilifutwa?" mkuu akauliza redioni.

"Ilifutwa. Bado imo."

Kufuta kwenye mashine hizi kubwa ni kung'oa kibao cha jina mlangoni tu. Mwenye nyumba yumo ndani, amelala. Krebs, mhandisi wa kiwanda hicho cha Poughkeepsie, alilijua hilo. Ndiyo maana aliifuata diski yenyewe Jumapili asubuhi, watu wako kanisani.

Na humo alilala mwingine. Ripoti ya siri ya Wendell Pruitt, jasusi mwenzake Lenora, mwanamume aliyempenda na hakuwahi kumwambia. Krebs alimteka, akaifuta ripoti, akaapa kwamba watu wake wanaomshikilia watammaliza adhuhuri hiyo.

Lenora alikuwa ameshapata kipande kimoja, akakinakili kwenye karatasi. Kikasomeka:

*Nimeijua nyumba wanakofichia watu. Nikipotea, nitafute huko. Ni ile iliyo nyuma ya*

Basi. Kilichobaki kilitawanyika diski nzima, kwenye mashimo yaliyoachwa na mafaili yaliyofutwa.

"Ibane diski," mkuu akasema. "Mafaili yaliyo hai yasogee, yafunike mashimo yote. Waondoke na takataka."

"Na Wendell atafunikwa! Nipe saa moja, mkuu, nikusanye vipande."

Mlango ukapasuka ubao wa chini.

"Unayo hiyo saa, binti?"

Hakuwa nayo. Na kosa, Mungu wangu, lilikuwa lake! Kubana diski ilikuwa zamu yake, kazi aliyojifichia humo kiwandani. Aliahirisha wiki hadi wiki.

"Mama Kesho," Wendell alikuwa akimtania huku akitafuna donati, "diski yako imejaa vishimo kama mfuko wa bahili. Utakuja kutafuta kitu siku moja ulie."

Angeibana kwa wakati, ripoti ingekaa mahali pamoja. Angeisoma yote kwa pumzi moja.

Akaandika amri. Kidole kikasita.

Akabonyeza.

Diski ikaanza kunguruma, ikisogeza, ikifunika. Lenora akainua kigae cha sakafu, akateremka kwenye nyaya, akakirudisha juu ya kichwa chake. Ngurumo ikakoma. Mlango ukaanguka.

"Kamezwa na ardhi huyu mwanamke!" Krebs akafoka.

"Achana naye," mgeni mmoja akasema. "Chomoa diski, twende."

Wakaichomoa. Wakaondoka wakicheka.

Alipotoka nje, kengele za kanisa la Waholanzi zilikuwa zikipiga adhuhuri. Redio ikakoroma.

"Tumewanasa darajani, Terwilliger. Diski haina mchoro hata mmoja. Kazi safi!"

"Krebs amesema nyumba iko wapi?"



"Kang'ata meno. Anatabasamu tu. Kile kipande cha Wendell ulichonisomea... kilisema nyuma ya nini?"

Lenora akaitazama karatasi mkononi, ingawa alishaikariri.

"Hakikusema."

Akazima redio. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akakatiza uwanja wa magari kwa mwendo wake uleule wa taratibu ambao vijana wa idara humsifia. Hakuharakisha.

Aharakishe kwenda wapi?