Taa ya Kupimia ya Fundi Dadi

Betri ilikuwa baridi. Saa sita mchana, Bagamoyo, mabati ya banda yakilia kwa jua, na betri ya gari ilikuwa baridi na imetoa jasho kama chupa ya soda. Fundi Dadi aliufuta mkono kwenye suruali, kisha akaunusa. Ulinuka ubani uliomwagiwa maji.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Gari lilikuwa la marehemu mzee Humoud, gari dogo la Kiingereza la mwaka sitini na mbili, na sasa mwanawe Adil alilitaka limbebe binti yake siku ya harusi, Jumamosi. Kila jioni Dadi aliiacha betri imejaa. Kila asubuhi aliikuta haina hata nguvu ya kupiga honi.

Adil alikuwa ameshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mafundi magari wana sifa zao, na si zote za kusingiziwa. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama dainamo iliyomo ndiyo ile ile aliyoiacha baba. Dadi aliinamia dainamo. Alimwonyesha alama ya rangi ya kucha ambayo Adil mwenyewe aliipaka siku ya kwanza akidhani hakuonekana. Alama ilikuwepo. Adil akakohoa, akaingia ndani.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Dunda, mtaa wao, ni padogo. Fundi akishaitwa mwizi, hata akihamia Lugoba jina litamtangulia. Ilimuuma Dadi, maana kwa miaka ishirini na sita hajachukua hata skrubu ya mtu.

Dainamo ilichaji vizuri, alikuwa ameipima. Katauti, kile kisanduku kinachoipitisha chaji kwenda kwenye betri na kuizuia isirudi, alikuwa ameifungua akaipiga msasa. Basi kuna kitu kilichokula betri gari likiwa limezimwa, na Dadi alikuwa na mtu aliyemshuku.

Mama yake Adil, Bi Miza, alikuja kila alasiri kuketi ndani ya gari hilo, mlango wazi, midomo ikicheza. Hakutaka liende popote. Siku Dadi alipompa shikamoo ya kwanza, bibi aliitikia marahaba, akajigusa chini ya mtulinga, mahali palipotuna kama kibiriti.

"Na mimi nina betri, mwanangu. Ya moyo. Hospitali wameniambia itakaa miaka kumi."

Walicheka wote wawili. Lakini kimoyomoyo Dadi alisema ajuza huyu ndiye anayewasha taa watu wakiwa hawapo.

Siku hiyo ya tatu alingoja bibi aende kuswali. Akachomoa waya wa hasi, akaiunga katikati taa yake ya kupimia, taa ndogo yenye nyaya mbili ambayo huwaka kukiwa na kitu kinachonyonya umeme. Ikawaka. Dadi akatabasamu. Akachomoa waya wa honi na taa haikuzimika, akachomoa wa taa kubwa, wa dashibodi, wa dainamo, harufu ya ubani ikizidi na jasho likimshuka mgongoni, mpaka mwisho akaung'oa waya mzima wa chanya na kuutupa kando, betri ikabaki upande mmoja mtupu, haikugusana na chochote, wala hapakuwa na njia ambayo umeme ungeweza kupita, na bado taa iliwaka, ikififia na kukolea, ikififia na kukolea, taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala kwa shibe.

"Muache ale," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Bi Miza, msala mkononi. "Ukimnyima hapa atatafuta pengine."

Hapo ndipo Dadi alipokosea. Angemwita Adil aone kwa macho yake. Lakini mtu aliyekudhania mwizi asubuhi, mchana utamwambia betri inaliwa na jini? Akafanya kile wanachofanya mafundi wakishindwa kuupata ugonjwa: alirudisha nyaya, akafunga swichi ya kukatia betri kwenye waya wa hasi, ule wa mwisho kugusa gari. Ukiizungusha, betri na gari havigusani tena. Akamwambia Adil tatizo lilikuwa waya wa honi, akaizungusha swichi, akaenda zake.

Asubuhi betri ilikuwa imejaa. Gari likawaka mara moja. Adil akampa mkono, akamwomba radhi, na Dadi akajisikia mtu tena. Kisha Adil akasema, kwa mazungumzo tu, kwamba fundi akipata nafasi aitazame na saa ya ukutani, imesimama tangu saa nne usiku. Na tochi haiwaki. Na simu zote tatu, walizozichaji jana, zimezima.

Dadi akauliza mama yuko wapi.

"Kalala. Leo kachelewa kweli."

Dadi akajigusa chini ya mtulinga. Adil alikimbilia chumbani, na sauti yake ikimwita mama ikasikika hadi uani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kwa kilio. Dadi alikimbilia kwenye gari. Aliizungusha swichi, hakuna kilichobadilika, akaikumbatia betri kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya boneti iliyo wazi, akanong'ona maneno ambayo mtu mwenye akili zake hayasemi kabla hajayapima.

"Mwache mama. Nitakulisha mimi."

Chini ya viganja vyake betri ikaanza kupoa. Kule ndani Bi Miza alivuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Bibi harusi alibebwa na gari la kukodi. Mwalimu aliyeitwa kusoma dua alisoma siku tatu, kisha akauliza nani kati yao ametoa ahadi. Dadi alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Kwa wiki saba alipeleka betri iliyojaa kila asubuhi. Bi Miza alimwambia ndivyo marehemu alivyofanya hadi siku ya kufa kwake. Kisha Dadi akaitwa Lugoba, lori limekwama, akafikiri ni kazi ya kwenda na kurudi. Alikaa siku mbili.

Aliposhuka stendi alichukua bodaboda hadi kwa Adil, roho mkononi. Betri ya gari ilikuwa imekufa. Akaingia ndani bila hata kubisha hodi, akamkuta Bi Miza anachagua mchele, mzima kabisa, na saa ya ukutani inatembea.

"Hajanigusa," bibi alisema, bila kuinua uso. "Si mimi niliyemuahidi, mwanangu."

Dadi aliketi. Tangu jana alikuwa amechoka mno, akadhani ni safari. Alitia mkono mfuko wa shati, juu ya moyo, akaitoa taa yake ya kupimia. Nyaya zake zilining'inia hewani, hazikugusa kitu.

Taa ilikuwa inawaka. Ilififia na kukolea kwa mapigo yale yale aliyoyasikia masikioni mwake, na kila ilipofifia, ilichelewa kidogo zaidi kurudi.